Uzi maalumu: Dawa tunazomeza zinavyofika mtoni na kinachowapata samaki

Mfamasia wa Kinondoni

Wakuu, habari za jioni.

Wengi wenu mnanifahamu kwa kujibu maswali ya dozi humu jukwaani. Leo nimekuja na jambo ambalo limekuwa likininyima raha kwa muda mrefu, na ningependa tulijadili kwa kina, hasa wale mlio kwenye sekta ya maji na uvuvi.

Sisi wa kaunta tunahesabu vidonge, tunaandika moja mara tatu kwenye bahasha, tunamwelekeza mgonjwa anywe baada ya chakula. Akitoka mlangoni tunaona kazi imekwisha. Lakini dawa yenyewe haijaisha. Ukinywa amoksilini, zaidi ya nusu ya ulichomeza inatoka kwenye mkojo ikiwa vilevile. Metformini ya sukari ndiyo kabisa: mwili hauivunji, inafanya kazi yake kisha inatoka nzima. Kuna nyingine ini linazifunga na kiambata fulani ili zitoke kirahisi, halafu zikifika kwenye majitaka bakteria wanakikata kile kiambata na dawa inarudi kuwa hai. Homoni za vidonge vya majira ziko kwenye kundi hilo.

Sasa fikirini dawa inavyotengenezwa. Inatakiwa iwe na nguvu kwa kiasi kidogo, isiharibike haraka, ipenye kwenye seli. Sifa hizohizo tunazozilipia ndizo zinazoifanya iwe hatari ikiwa mtoni. Na samaki si kiumbe wa mbali na sisi kama tunavyodhani. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walilinganisha protini ambazo dawa za binadamu huzilenga, wakakuta asilimia 86 zina mfano wake kwa samaki pundamilia, yule mdogo mwenye mistari anayefugwa maabara. Maana yake dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ubongo wako, figo zako au mfuko wako wa uzazi, kwa samaki inakuta mlango uko wazi.

Niwape kisa kimoja ambacho kwangu ndicho kizito kuliko vyote.

Huko Kanada, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario, kuna eneo lenye maziwa madogo mengi lililotengwa tangu 1968 kwa ajili ya majaribio ya kisayansi. Hapo huchukuliwa ziwa zima kama lilivyo, na samaki wake, mwani wake na wadudu wake. Timu ya mwanasayansi Karen Kidd ilichagua Ziwa namba 260. Kiangazi cha 2001, 2002 na 2003 walikuwa wakimwaga humo ethinilestradioli, homoni iliyoko kwenye vidonge vingi vya uzazi wa mpango. Kiwango walichokilenga ni nanogramu 5 hadi 6 kwa lita moja ya maji, kile ambacho kimewahi kupimwa kwenye maji yanayotoka mitambo ya majitaka mijini.

Kwa asiyeizoea nanogramu: kidonge kimoja chenye mikrogramu 30 za homoni hiyo kinatosha kufikisha lita 6,000 za maji kwenye nanogramu 5 kwa lita. Yaani kidonge kimoja kidogo kuliko punje ya choroko, na tangi kubwa la juu ya paa halitoshi kuyabeba maji yake.

Ziwani humo kulikuwa na samaki mdogo mfano wa dagaa, jina lake la kitaalamu ni Pimephales promelas. Haishi miaka mingi, kwa hiyo kila mwaka ukoo wake unategemea vifaranga wapya. Madume yalianza kutengeneza protini ya kiini cha yai, ile ambayo kwa kawaida ini la jike ndilo huitoa wakati wa kutaga. Kwa madume ilipanda maelfu ya mara. Dume hana pa kuipeleka, hana mayai ya kuyalisha, basi inabaki kwenye damu na kuziumiza figo. Korodani zikachelewa kukomaa, na baadhi zikakutwa na chembe za mayai ndani yake. Kufika vuli ya mwaka wa pili, vifaranga wakawa hawaonekani. Baada ya hapo ukoo wote ukaporomoka, karibu watoweke kabisa ziwani humo. Ziwa la jirani ambalo halikumwagiwa kitu liliendelea kama kawaida.

Kinachonitisha ni kwamba ungepita kando ya ziwa lile usingeona chochote. Maji hayakubadilika rangi, hayakunuka, hakuna samaki walioelea tumbo juu. Na hawakuishia hao wadogo tu. Trauti wa ziwani, samaki mkubwa anayewala, naye alipungua. Homoni haikumuua. Alikosa chakula.

Sisi huku tumezoea kusubiri samaki wafe ndipo tuseme mto umechafuliwa. Kwa dawa kipimo hicho hakifai. Samaki anaweza kuwa mzima, ananona, anaogelea, na bado ukoo wake umekwisha.

Karibuni tujadili. Nitarudi kueleza hali ya mito yetu.

Binti Msimbazi

Mfamasia, asante kwa nondo. Ila mimi nauliza, huko Kanada wana mabomba. Dar walio kwenye mtandao wa majitaka ni wachache mno, wengi tuna shimo. Sasa dawa za kwenye shimo langu zitafikaje mtoni?

Mfamasia wa Kinondoni

Dada, swali zuri. Shimo lenyewe likikaa vizuri kwenye ardhi kavu linasaidia, udongo unashika baadhi ya dawa na bakteria wanapata muda wa kuzila. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya watu wetu wanaishi mabondeni ambako maji ya ardhini yako karibu, na dawa nyingine hazishikwi na udongo. Halafu kuna lile jambo sote tunalijua na hatupendi kulisema: masika yakianza, watu wanatapisha vyoo. Mvua ikikolea mtu anatoboa upande wa chini wa shimo, kila kitu kinaondoka na mafuriko kwenda mtoni, na kutoka hapo baharini. Bonde la Msimbazi hapa Dar linapokea yote hayo, na kando yake watu wanamwagilia mchicha na matembele.

Kuhusu mto uliopimwa vizuri, wa kuutazama ni Mto Nairobi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipima bonde la mto huo ukakuta antibaiotiki na dawa za kufubaza makali ya VVU: lamivudini, zidovudini, nevirapini. Sulfamethoksazoli peke yake ilizidi nanogramu 13,000 kwa lita. Hiyo ni moja ya dawa mbili zilizomo kwenye ile Septrin tunayoijua wote, ambayo wagonjwa wengi wenye VVU wamekuwa wakiinywa kila siku kujikinga na magonjwa nyemelezi. Ulaya dawa za VVU huoni zikitajwa sana mitoni kwa sababu wanaozitumia ni wachache. Kila mto unabeba magonjwa ya watu wake.

KijanaWaRuai

Mkuu, mimi ni wa Nairobi na nakaa karibu na mabwawa ya majitaka ya Ruai. Naongeza kitu. Watu husema mto unachafuliwa na viwanda pekee, lakini ukifuata vile vijito vinavyopita katikati ya mitaa ya mabati, utaona mifereji ya vyoo inaingia moja kwa moja. Hapo hakuna bwawa wala mtambo. Na huo mto hauishii Nairobi. Unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, unamwaga baharini kaskazini ya Malindi.

Nahodha Mstaafu

Wanangu, mimi ni wa huko Malindi mnakokutaja. Mvua za bara zikinyesha, Sabaki huingia baharini nyekundu kama damu, na wekundu huo huenda mbali. Sisi tulikuwa tukilalamikia udongo, kwamba unafunika matumbawe na nyasi za bahari. Haya ya dawa sikupata kuyasikia. Naomba kuuliza, dawa ikitoka Nairobi itafika mpaka kwetu na ina nguvu bado?

Mfamasia wa Kinondoni

Shikamoo mzee wangu. Inategemea dawa. Safari ni ndefu, jua ni kali, na mto unaongezewa maji njiani, kwa hiyo nyingi hupungua sana. Diklofenaki kwa mfano, ile ya maumivu, inavunjwa na mwanga wa jua. Lakini kabamazepini, ile ya kifafa, ni sugu mno. Haivunjwi kirahisi na bakteria wala jua, ndiyo maana watafiti huitumia kama alama ya kujua maji haya yalipita chooni mwa watu. Hofu yangu kubwa iko kwenye vijito vya juu, pale ambapo wakati wa kiangazi mto ni majitaka matupu na hakuna maji safi ya kuyazimua.

Fundi Mabwawa

Nilikuwa nasoma kimyakimya ila imebidi niingie maana mmefika kwenye kazi yangu.

Mabwawa ya majitaka kama tuliyonayo nchini hayakujengwa kwa ajili ya dawa. Yalijengwa kupunguza uchafu unaooza na kuua vimelea vya kipindupindu, minyoo na kuhara. Kazi hiyo yanaifanya vizuri kama hayajajaa tope. Maji yanaingia bwawa la kwanza lenye kina kirefu, uchafu unazama, bakteria wasiohitaji hewa wanaanza kazi. Yakihamia mabwawa ya mbele, mwani unatoa oksijeni na jua linaua vijidudu. Muda ndio dawa yenyewe: maji yanatakiwa yakae siku za kutosha. Sasa bwawa likijaa tope na wala halijazolewa kwa miaka, maji yanapita juujuu na kutoka kabla ya wakati wake. Hapo hata ile nafuu ya jua aliyoisema Mfamasia huipati.

Na kuna jambo naliona kwa macho. Kwenye bwawa la mwisho huwa kuna perege na kambale, na vijana wanakuja na ndoano. Ukiwafukuza asubuhi wanarudi jioni. Perege wa pale wanakua haraka sababu mwani ni mwingi. Mfamasia, hao watu wanakula dawa?

Mfamasia wa Kinondoni

Fundi, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeeleza mimi.

Kwa anayekula, kiasi cha dawa kwenye mnofu huwa kidogo. Tupige hesabu ya mfano: samaki akiwa na nanogramu 10 za dawa kwa kila gramu ya nyama, ili upate miligramu 10 itabidi ule tani nzima. Kwa hiyo sato wako wa ziwani na changu wako wa feri endelea kula, na asije mtu akatumia uzi huu kuwaharibia wavuvi biashara. Samaki wa bwawa la majitaka ni habari nyingine kabisa, yule msimguse, kwa sababu ya vimelea na metali nzito kabla hata hatujafika kwenye dawa.

Samaki mwenyewe anaogelea ndani ya dawa saa 24, inaingia kwa matamvua, haina siku ya kumaliza dozi. Mwaka 2013 Tomas Brodin na wenzake huko Sweden walichapisha majaribio yao: waliwaweka samaki aina ya perch kwenye maji yenye oksazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi. Wale samaki wakaacha woga. Wakatoka mafichoni haraka, wakaacha kukaa kwa makundi, wakala kwa pupa. Samaki mdogo asiyeogopa na asiyekaa na wenzake ni chakula cha mkubwa. Na perch wa Mto Fyris, unaopita mji wa Uppsala, walishakutwa na dawa hiyohiyo mwilini.

Kuna utafiti mwingine wa kundi hilohilo la watafiti wa Sweden, umetoka 2025. Walitumia samoni wachanga wa Mto Dal, wanaoteremka kutoka mtoni kwenda Bahari ya Baltiki. Waliopewa klobazamu, nayo dawa ya kutuliza wasiwasi, walifika baharini wengi zaidi, na walivuka mabwawa ya umeme haraka kuliko wenzao. Mtu atasema basi dawa imewasaidia. Watafiti wenyewe wanasita kusema hivyo, na mimi nawaunga mkono. Samoni anayekimbilia baharini peke yake bila tahadhari amebadilishwa tabia ambayo ukoo wake umeijenga kwa vizazi na vizazi, na huko mbele kuna bahari nzima ya wanaomwinda.

Mtu wa Mitishamba

Ndiyo maana nasema kila siku, hizi dawa za kizungu acheni. Rudini kwenye mizizi.

Mfamasia wa Kinondoni

Ndugu, hapa lazima niwe mkali kidogo, nisamehe.

Asiache mtu dawa yake kwa sababu ya uzi huu. Anayetumia ARV aendelee kumeza kila siku kwa saa yake. Wa sukari, wa presha, wa kifafa, hivyohivyo. Mama aliyepanga uzazi wake asionewe. Wanawake wamebebeshwa lawama ya hili jambo kupita kiasi, wakati kwenye maji kuna homoni za asili ambazo binadamu wote na mifugo wote tunazitoa, tuwe tunatumia kidonge au hatutumii. Mgonjwa hana kosa. Anayestahili kuulizwa ni yule anayepanga mji bila kupanga choo chake.

Ninachoweza kukuunga mkono ni hiki: antibaiotiki zinazonunuliwa kiholela kwa mafua. Mtu ana mafua, anakuja kaunta anataka "kapsuli za rangi mbili" tano tu, akipata nafuu anaacha. Hizo hazimsaidii, virusi haviuawi na antibaiotiki, na zote zinaishia kwenye majitaka ambako bakteria wanajifunza usugu. Hilo tukilikomesha tumepunguza bila kumnyima mgonjwa yeyote haki yake.

Dkt Mifugo Singida

Nichangie kutoka upande wa mifugo. Diklofenaki hiyohiyo iliyotajwa juu ndiyo iliyomaliza tai wa India, Pakistan na Nepal. Ng'ombe alitibiwa kwa maumivu, akafa, tai wakala mzoga, figo zikafeli. Ilibainishwa mwaka 2004, na mwaka 2006 nchi hizo tatu zikaipiga marufuku kwa mifugo. Wakati huo tai aina tatu walishapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Si habari ya maji, lakini inaonyesha kiumbe asiyekusudiwa anavyoweza kulipa. Trauti nao kwenye majaribio walionekana kuharibika figo na matamvua kwa dawa hiyohiyo.

KijanaWaRuai

Na viwanda vya dawa vyenyewe je? Tunasema choo, choo, lakini nimesikia India ni balaa.

Mfamasia wa Kinondoni

Ni kweli, na ni kisa cha kusikitisha. Patancheru, karibu na Hyderabad, kuna mtambo uliokuwa ukipokea majitaka ya viwanda vya dawa vipatavyo 90. Mwaka 2007 Joakim Larsson na wenzake walichapisha vipimo vya maji yaliyokuwa yakitoka baada ya kusafishwa: antibaiotiki ya siprofloksasini hadi miligramu 31 kwa lita. Si nanogramu wala mikrogramu, ni miligramu. Kiwango hicho kinazidi kile kinachopatikana kwenye damu ya mgonjwa aliye kwenye dozi. Walikadiria kilo 45 za dawa hiyo kutoka kwa siku moja, sawa na matumizi ya Sweden nzima kwa siku tano. Nasi tunahusika, kwa kuwa sehemu kubwa ya dawa za bei nafuu kwenye rafu zetu hutoka India. Siku nchi zetu zikinunua dawa kwa wingi, zinaweza kuweka sharti kwenye zabuni: kiwanda kionyeshe maji yake yanakwenda wapi.

Kwa picha ya dunia nzima, kuna utafiti uliongozwa na Chuo Kikuu cha York, Uingereza, ukachapishwa 2022. Ulipima dawa 61 kwenye mito 258 katika nchi 104. Lahore, La Paz na Addis Ababa ndizo zilizotia fora kwa uchafu. Karibu robo ya sehemu zilizopimwa zilikuwa na kiwango ambacho si salama kwa viumbe wa majini. Tazameni ramani hiyo: mito mibaya zaidi iko kwa watu walioanza kupata dawa za kutosha kabla hawajapata mfumo wa majitaka. Sisi tumo.

Binti Msimbazi

Sasa tufanye nini jamani? Maana wenzetu wana hela.

Fundi Mabwawa

Uswisi waliweka sheria, kuanzia 2016 mitambo yao mikubwa inaongezewa hatua ya ozoni au kaboni ili kuondoa asilimia 80 ya kemikali za namna hii. Umoja wa Ulaya nao wamepitisha mwaka 2024 kwamba watengenezaji wa dawa na vipodozi walipe angalau asilimia 80 ya gharama za hatua hiyo. Kwetu ukiniletea mtambo wa ozoni leo, umeme ukikatika tu umeshasimama. Mimi ningeanza na tope. Mabwawa yazolewe, magari ya kunyonya majitaka yawe ya bei ambayo mtu wa bondeni anaimudu ili asitapishe choo, na makazi mapya yaunganishwe kabla watu hawajahamia. Hayo yanapunguza kipindupindu na dawa kwa pamoja.

Mfamasia wa Kinondoni

Fundi kamaliza kwa upande wa mji. Kwa nyumbani, dada, dawa zilizobaki au zilizoisha muda usizitupe chooni wala kwenye sinki. Waulize hospitali au famasi iliyo karibu kama wanapokea. Wenye maduka ya dawa tuna utaratibu wa kuziteketeza chini ya usimamizi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Pasipopokelewa, zitoe kwenye pakiti, changanya na majivu au udongo, funga kwenye mfuko, weka kwenye taka mbali na watoto. Na mwenye kujichua na jeli ya diklofenaki: ngozi inanyonya sehemu ndogo tu, nyingi inabaki juu. Jifute mikono kwa karatasi kwanza, karatasi uitupe kwenye taka, ndipo unawe.

Nahodha Mstaafu

Mwanangu, na lile ziwa la Kanada? Walipoacha kumwaga, samaki walirudi?

Mfamasia wa Kinondoni

Walirudi mzee wangu. Kumwaga kulikoma 2003, na miaka michache baadaye wale wadogo wakaanza kuzaliana tena hadi idadi yao ikarudi. Walibaki wachache wa kuanzisha ukoo upya, na homoni ilikuwa imeshakwisha majini. Mito yetu haijawahi kupata hata msimu mmoja wa kupumzika namna hiyo. Kama kuna aliye kwenye taasisi za utafiti wa uvuvi, TAFIRI ya Tanzania au KMFRI ya Kenya, humu ambaye amewahi kupima kambale au perege wa mito ya mijini, naomba aje atuwekee alichokiona.